Nani Aliyetunyang'anya Mbingu?

Kauli ikitamkwa mbele ya watu na kuachwa bila kujibiwa, haichukui muda mrefu kabla ya kuhesabiwa kuwa kweli. Ndiyo sababu nimeishika kalamu. Katika kikao kimoja cha walimu wa lugha kilichofanyika hapa Bujumbura, mwenzetu mmoja, mtu wa heshima na mwalimu wa miaka mingi, alisimama akasema kwamba Kiswahili ni lugha njema ya soko, ya bandari, ya mashairi na ya maamkizi, lakini tusikitwike mzigo kisichouweza. Mambo ya nyota na galaksi, alisema, tuwaachie Wafaransa na Waingereza ambao lugha zao ziliumbwa kwa kazi hiyo. Watu wakapiga makofi. Mimi nami nilikuwapo, wala sikufumbua kinywa. Nilirudi nyumbani kwangu Kajaga nimeudhika, na ghadhabu yangu kubwa ilikuwa juu ya kimya changu mwenyewe. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kulitoa siku ile.

Natangulia kukiri kwamba mimi si mwanafalaki. Ni mwalimu wa Kiswahili ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiweka darubini uani kwake na kutazama vitu hafifu vya mbinguni. Ushahidi wangu wote watoka katika ua huo, na kwa hiyo yafaa niueleze kwanza.

Kwa msomaji asiyepajua, Kajaga ni mahali palipo ufukoni mwa ziwa Tanganyika, magharibi ya jiji la Bujumbura, upande wa barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Mashariki taa za jiji huing'arisha anga. Magharibi milima ya Uvira imesimama kama ukuta. Kaskazini ni uwanda wa mto Rusizi. Lakini kusini hapana kitu ila maji. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 673, na mtu atazamaye upande huo hana mbele yake ila giza pana, isipokuwa taa za wavuvi wa ndagala. Wavuvi hao huwasha taa ili samaki wazifuate, na mwezi unapokuwa mkubwa taa zao hupoteza nguvu, wakavuta mitumbwi yao ufukoni wakapumzika. Mimi nami hupumzika siku hizo hizo, maana mwanga wa mwezi huzifuta galaksi zote hafifu. Hivyo mvuvi wa Kajaga na mtazamaji wa nyota hufuata kalenda moja, ijapokuwa mmoja atazama chini na mwingine atazama juu.

Darubini yangu si chombo cha ajabu. Ina kioo chenye kipenyo cha milimita 150. Mboni ya jicho la mwanadamu, ikipanuka kabisa gizani, hufikia kipenyo cha milimita 7 hivi. Kwa hiyo kioo hicho hukusanya nuru zaidi ya mara 400 kuliko jicho tupu. Hiyo ndiyo siri yake yote.

Sasa, ndugu mwalimu, nitakueleza jinsi ya kuitazama galaksi hafifu, nawe uhesabu ni mara ngapi nitashindwa na Kiswahili.

Kwanza ungoje usiku usio na mwezi. Uzime taa zote za nyumba, kisha ukae gizani nusu saa nzima bila kutazama mwanga wowote, kwani mboni hupanuka upesi lakini uwezo wa jicho wa kuona gizani huongezeka polepole. Ukihitaji kusoma ramani ya nyota, tumia tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, maana mwanga mwekundu hauliudhi jicho sana. Elekeza darubini mahali panapohusika. Huenda usione kitu. Usikate tamaa, wala usikodoe macho. Utazame kando kidogo ya mahali pale, kwa pembe ya jicho. Sehemu ya katikati ya jicho ni hodari wa kutambua rangi na mambo madogo madogo wakati wa mchana, lakini gizani ni kama kipofu. Sehemu za kandoni ndizo zinazohisi nuru iliyo hafifu. Kisha uligonge bomba la darubini taratibu kwa kidole ili picha itikisike, kwani katika giza jicho hutambua upesi zaidi kitu kinachosogea kuliko kilichotulia. Hapo ndipo kitakapojitokeza kitu mfano wa doa la ukungu, kisicho na ukingo dhahiri, ambacho ukikikabili moja kwa moja hutoweka, na ukitazama kando hurudi. Doa hilo ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota ulio mbali kiasi kwamba nyota zake hazitengani machoni petu.

Nimemaliza. Je, Kiswahili kimeshindwa wapi? Nimetumia neno moja la kigeni, nalo ni galaksi, ambalo mtoto wa darasa la sita hulielewa baada ya kuambiwa mara moja. Kama lugha hii imeweza kumwongoza mtu kutoka mlangoni mwake hadi kwenye nuru iliyo hafifu kuliko zote alizopata kuziona, nauliza ni mzigo gani huo ambao imekataa kuubeba.

Wala mbingu zenyewe hazikutunyima chochote. Kajaga iko kusini ya Ikweta kwa nyuzi tatu na ushei tu. Kwa sababu hiyo mbingu karibu zote, za kaskazini na za kusini, hupita juu yetu katika mwaka mmoja. Katikati ya mwezi wa Juni, yapata saa mbili usiku, juu ya ziwa husimama ile galaksi kubwa iliyo katika kundinyota la Kantarusi, ambalo Wazungu waliita Centaurus. Nuru yake imesafiri kadiri ya miaka milioni 12, na hewa ikiwa safi huonekana utepe mweusi ukiikata katikati. Wakati huo huo, karibu na utosi wa mbingu, huonekana galaksi iitwayo Sombrero, iliyo mbali kadiri ya miaka milioni 30 ya nuru; na upande wa kaskazini kidogo, katika buruji ya Sumbula, lipo kundi la galaksi nyingi mno ambalo nuru yake imechukua zaidi ya miaka milioni 50 kutufikia. Mwezi wa Desemba, kusini, juu ya maji, huonekana kwa macho matupu Mawingu mawili ya Magellan, galaksi ndogo zilizo jirani na yetu, na saa ile ile upande wa kaskazini huonekana galaksi ya Andromeda. Mtu wa Paris au London hayaoni Mawingu hayo akiwa kwao hata akikesha mwaka mzima, kwa kuwa huko hayachomozi kamwe. Sisi tunavyo vyote viwili kwa kugeuza shingo tu. Ni kweli kwamba kiangazi kikikolea vumbi na moshi wa nyika zinazoungua huichafua anga, na masika huleta mawingu. Lakini baina ya mvua na mvua huja usiku ambao hewa imeoshwa, na usiku huo hakuna mtu duniani wa kuonewa wivu.

Tuzitazame sasa hoja za mwenzetu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni kwamba maneno hayapo. Hii si kweli, na aisemaye hakufungua kamusi. Sayari zionekanazo kwa macho zote zina majina katika Kiswahili tangu zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Buruji kumi na mbili zina majina, kuanzia Hamali hadi Hutu. Nyota ya Suheli, ambayo jina lake lilikuwa pia jina la upande wa kusini kwa mabaharia wa pwani, ndiyo niitumiayo mimi kulitafuta Wingu Kubwa la Magellan: naitafuta Suheli, kisha nashuka chini yake kuelekea ncha ya kusini ya mbingu. Neno darubini lenyewe lilitujia kutoka Kiajemi, nalo maana yake ni kionacho mbali. Tena tusidhani kwamba hazina hiyo yote ililetwa na majahazi. Neno Kilimia, jina la lile fungu la nyota ambalo wakulima walilitazama ili kujua majira ya mvua na ya kulima, ni la Kibantu kabisa, na limetoka katika kitenzi kulima. Wazulu walio mbali sana kusini huliita isiLimela. Mababu waliotuachia neno hilo hawakuwa watu waliotembea wameinamisha vichwa.

Wala pwani yetu haikuwa nje ya elimu ya falaki. Mwaka 964 Abdurrahman al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, aliiandika galaksi ya Andromeda katika kitabu chake cha nyota na kuieleza kuwa kama kiwingu kidogo. Katika karne ya 15 Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri mzaliwa wa Julfar, aliandika juu ya njia za bahari na nyota ziongozazo vyombo, ikiwemo njia ya kuja pwani ya Afrika ya Mashariki hadi Sofala. Nahodha aliyefika Kilwa usiku alifika kwa kusoma mbingu. Yale mawingu mawili ya kusini yamepewa jina la Magellan, Mreno aliyepita chini yake katika safari iliyoanza mwaka 1519, akauawa Ufilipino mwaka 1521. Lakini watu wa nusu ya kusini ya dunia walikuwa wakiyatazama kwa maelfu ya miaka kabla ya babu yake kuzaliwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu yasikika kama elimu. Ni kwamba lugha za Ulaya ziliumbwa kwa kazi hii, nasi tumechelewa kwa karne nyingi. Hapa naomba msomaji azitazame tarehe.

Neno la Wazungu la galaksi limetoka katika neno la Kigiriki la maziwa, na kwa muda mrefu lilitaja ule mkanda mweupe tu ambao sisi twauita Njia Nyeupe. Kwamba ziko galaksi nyingine nje ya hiyo yetu, hilo halikujulikana kwa hakika katika lugha yoyote ya dunia hadi karne ya 20. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Marekani, akichunguza nyota zibadilikazo katika Wingu Dogo la Magellan, lile lile tulionalo kutoka Kajaga, alitangaza kanuni iliyowezesha kupima umbali wa nyota kama hizo. Mwaka 1920 wataalamu wakubwa walikuwa bado wakibishana hadharani kama vile viwingu vya mviringo vimo ndani ya Njia Nyeupe au viko nje yake. Mwezi wa Oktoba 1923 Edwin Hubble aligundua nyota ya aina hiyo katika Andromeda, na matokeo yake yakatangazwa tarehe 1 Januari 1925. Hapo ndipo binadamu walipojua kwamba kile kiwingu cha al-Sufi ni galaksi kamili, iliyo mbali nasi kadiri ya miaka milioni 2.5 ya nuru kwa hesabu za leo.

Basi Kiswahili kilikuwa wapi wakati huo? Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi. Maana yake ni kwamba elimu ya galaksi na Kiswahili Sanifu ni marika. Zimezaliwa katika muongo mmoja. Mfaransa na Mwingereza nao iliwabidi kuyanyoosha maneno yao ya kale ili yabebe maarifa ambayo hayakuwapo jana yake. Waliweza, kwa sababu walikuwa wakitazama na kuandika kila siku. Lugha haiumbwi kwanza kisha ikapewa kazi. Kazi ndiyo inayoiumba lugha. Kama leo twajiona nyuma, hatukuachwa na historia. Tulikaa chini wenyewe, tukapiga makofi.

Na hapa yanipasa kuigeuza bakora kwa upande wetu, wapenzi wa Kiswahili, kwa maana tuna makosa ambayo mwenzetu hakuyataja, na angeyataja ningepata taabu kumjibu. Maneno mazuri tuliyorithi tumeyaharibu wenyewe. Katika baadhi ya vitabu vya shule sayari ya Utaridi imeitwa Zebaki. Kwa nini? Kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa sayari hiyo na kwa madini yale ya majimaji yawekwayo katika vipimajoto, na mfasiri alilichukua lile la madini akalirusha mbinguni. Katika baadhi ya vitabu Kausi, ambayo ni jina la buruji ya Upinde, imefanywa kuwa jina la sayari ya Neptun. Tena wapo waandishi wanaoiita galaksi kundinyota, hali kundinyota ni kitu kingine kabisa: ni umbo tu la nyota zionekanazo kwetu kuwa pamoja, na huenda moja iko karibu na nyingine iko mbali mara mia. Mwanafunzi akisoma kwamba jua letu limo katika kundinyota kubwa, kisha akatoka nje usiku kulitafuta, atalitafuta hadi azeeke.

Makosa haya yote yana chanzo kimoja. Yalitungwa mezani, mchana, kwa kulitazama neno la Kiingereza badala ya kukitazama kitu chenyewe. Mtu aliyekwisha kuiona Utaridi ikiwaka chini, upande wa machweo, muda mfupi baada ya jua kuzama, hawezi kuiita Zebaki, kwa sababu hakuijua kupitia kamusi. Mtu aliyekwisha kuitafuta galaksi ndani ya kundinyota la Kantarusi hawezi kuvichanganya vitu hivyo viwili, kama vile mvuvi hawezi kuchanganya samaki na wavu.

Sasa nitaeleza kisa kilichonifanya nione kwamba jambo hili si mchezo wa maneno. Usiku mmoja wa Juni binti wa jirani, mwanafunzi wa shule ya msingi, alikuja uani kwangu pamoja na ndugu zake. Ni mtoto ambaye nyumbani husema Kirundi, na Kiswahili alikipata kwa wenziwe mtaani na darasani. Nilimwonyesha galaksi ya Kantarusi. Hakuona kitu. Nikamfundisha kutazama kando. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni kama mtu amepumulia kioo, halafu akaondoka." Mimi nimetazama galaksi kwa miaka, na sijapata kusikia maelezo yaliyo sahihi kuliko hayo. Nikamwambia ayaandike.

Aliyaandika, akayapeleka shuleni. Mwalimu wake mmoja, ambaye simtaji, wala shule yake siitaji, alimrudishia karatasi na kumwambia kwamba mambo ya sayansi huandikwa kwa Kifaransa. Mtoto akarudi kwangu na karatasi ya pili. Ilikuwa na sentensi mbili za Kifaransa zilizonakiliwa kitabuni, zisizo na kosa lolote la sarufi. Pumzi haikuwamo. Kioo hakikuwamo. Mtoto mwenyewe hakuwamo. Ushahidi wa mtu aliyeona ulikuwa umebadilishwa kwa maneno ya mtu ambaye mtoto hamjui, na kitendo hicho kikaitwa elimu.

Nauliza: ni nani aliyemnyang'anya mtoto huyu mbingu? Mkoloni ameondoka Burundi tangu mwaka 1962, hatuwezi kumsingizia kila siku. Alinyang'anywa na mwalimu, mwenye nia njema, aliyeamini kwamba lugha ya mtaani haifai kuinuliwa juu ya paa za nyumba. Hiyo ndiyo kasumba, na haiponi kwa hotuba.

Nasema hivi nikijua hali ya Kiswahili katika nchi yetu. Kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa lugha ya Buyenzi, ya madereva na wachuuzi, lugha ya mtu asiye na ardhi wala heshima. Leo Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, Kiswahili chafundishwa katika shule zetu, na UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Twaisherehekea siku hiyo kwa ngoma na mashairi. Ni vizuri. Lakini lugha isifiwayo kwa ngoma mwaka hata mwaka, na kufungiwa mlango wa maabara, imefanywa pambo. Nashuku kwamba baadhi yetu twapenda ibaki hivyo, kwa maana pambo halituletei kazi.

Mwenzetu ana haki katika jambo moja, na ni dhuluma kumnyima. Vitabu vya fizikia ya nyota kwa Kiswahili ni haba mno. Mtoto wetu akitaka kusoma elimu hiyo chuoni hana budi ajue Kifaransa au Kiingereza, na mtihani wake hautamngoja mpaka sisi tumalize ubishi wetu. Sisemi lugha hizo zitupwe. Mimi mwenyewe ramani zangu za nyota ni za Kifaransa. Nisemalo ni kwamba kuona huja kabla ya kusoma, na mtu huona vizuri zaidi kwa lugha ambayo haimtishi. Mtoto yule angeachiwa pumzi yake na kioo chake, kisha akafundishwa Kifaransa juu ya msingi huo, angekuwa na vyote viwili. Alichopewa ni kimoja, na hicho nacho si chake.

Wala tusiseme haiwezekani, kwa maana wenzetu wameanza. Tanzania, Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amejitolea kwa miaka mingi kuieleza mbingu kwa watu wa kawaida. Kenya, Susan Murabana na wenziwe wa Travelling Telescope wamezipeleka darubini hadi kwenye shule za vijijini. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete, watu walikusanyika Rujewa katika mkoa wa Mbeya kulitazama. Tena tukumbuke kwamba ile galaksi ya Kantarusi iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1826 na James Dunlop, Mskoti aliyehamia Australia, kwa darubini aliyoiunda mwenyewe na kuitumia nyumbani kwake Parramatta. Mbingu za kusini ziliorodheshwa na mtu aliyesimama uani.

Kwa hiyo nakipendekezea chama chetu mambo matatu. La kwanza, kila mwalimu wa Kiswahili awatoe wanafunzi wake nje usiku mmoja katika kila muhula, kwa ruhusa ya wazazi, hata bila darubini. Kilimia, Suheli, Njia Nyeupe na Mawingu ya Magellan havihitaji chombo. La pili, kila mwanafunzi awe na daftari aandikamo kwa Kiswahili tarehe, saa, upande aliotazama na kile alichokiona kwa maneno yake mwenyewe, na mwalimu asisahihishe ila sarufi. Istilahi zitakazotufaa zimelala katika madaftari hayo. La tatu, kamati yoyote itakayopewa kazi ya kutunga au kusahihisha istilahi za falaki isifunge kikao chake kabla ya wajumbe kukaa gizani nusu saa na kuvitazama vitu wanavyovipa majina. Tuanze kwa kuirudishia Utaridi jina lake, na kwa kuitenga galaksi na kundinyota.

Tufanye haraka, kwa kuwa giza lenyewe halitatungoja. Ufuko wa Kajaga wajengwa kila mwaka. Nyumba na hoteli zaongezeka, na kila ukuta mpya waja na taa yake iangazayo juu badala ya chini. Nyota nilizoziona kwa macho matupu nilipohamia hapa sasa nyingine nazitafuta kwa darubini. Itakuwa aibu kubwa kama tutayapata maneno siku ile ambayo hakuna tena cha kuyatumia.

Namalizia kwa mwenzetu aliyesimama kikaoni. Ndugu yangu, sikukujibu siku ile, na nakuomba radhi kwa hilo, maana kimya changu hakikuwa adabu, kilikuwa woga. Mwezi wa Juni ujao, siku zile ambazo wavuvi wa ndagala wanawasha taa zao, njoo Kajaga. Chai ipo, na kiti kipo. Nitaizima taa ya uani, tutakaa gizani nusu saa tukizungumza mambo ya shule, kisha utatia jicho darubinini. Sitakuuliza jina la kitu hicho kwa lugha yoyote. Nitakuomba jambo moja tu: uniambie umeona nini. Nami nitasikiliza ni lugha gani itakayokutoka kinywani kwanza.